Dawa ya Kwanza Iko Jikoni, Lakini Ijue Mipaka Yake

Ni usiku. Mvua inanyesha. Zahanati iko mbali, na njia ina matope. Mtoto anakohoa, halali. Bibi anasema, mpe asali. Jirani anasema, mpe mafuta ya taa kidogo. Shangazi anasema, kesho apelekwe akakatwe kimeo.

Wote watatu wanampenda mtoto. Wote watatu wanataka apone. Lakini mmoja tu kati yao amesema neno la kufaa. Je, wewe utamsikiliza nani?

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya dawa za nyumbani. Hatusemi kwamba dawa za nyumbani ni ujinga. Wazee wetu walijua mambo mengi, na baadhi ya mambo hayo wataalamu wa leo wameyapima na kuona kuwa ni kweli. Lakini mengine yanadhuru, na mengine yanaua. Mtu mwenye elimu hakatai kila kitu cha zamani. Wala hakubali kila kitu anachoambiwa. Anauliza kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia dawa yoyote ya nyumbani, jiulize maswali matatu:

1. Kitu hiki kinausaidia mwili kwa njia gani?
2. Je, kinaweza kumdhuru mgonjwa?
3. Nitangoja mpaka lini kabla ya kwenda zahanati?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Watu wengi hawafi kwa sababu walitumia dawa ya nyumbani. Wanakufa kwa sababu walingoja mno. Sasa tuyatazame maradhi ya kila siku, moja baada ya jingine.

KUHARISHA

Tuanze na kuharisha, kwa sababu hapa dawa ya jikoni inaokoa maisha.

Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi ya mwili. Mtazame mmea wa mchicha uliokosa maji. Majani yananyauka, na shina linalala. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Kinachomuua upesi ni kukaukiwa maji.

Zamani watu wengi walisema, "Usimpe maji, ataharisha zaidi." Maneno haya si kweli. Mtoto anayeharisha anahitaji kunywa zaidi kuliko siku nyingine.

Lakini maji matupu hayatoshi. Wataalamu waligundua jambo la ajabu juu ya utumbo. Mtu akiharisha sana, utumbo wake unashindwa kufyonza maji matupu vizuri. Lakini ukitia sukari kidogo na chumvi kidogo katika maji hayo, mambo yanabadilika. Sukari inaisaidia chumvi kupita katika ukuta wa utumbo. Chumvi nayo inavuta maji yaifuate. Kwa hiyo maji yanaingia mwilini, hata kama mtoto bado anaharisha.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1971. Mwaka huo kulikuwa na vita huko Bangladesh. Mamilioni ya watu walikimbilia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Maji ya kutundika kwenye mshipa yakapungua. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji safi, na kuwapa wagonjwa wanywe. Ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha, kikombe baada ya kikombe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Kwa maji yale, waliokufa hawakufika 4 katika kila 100.

Baadaye, kuanzia mwaka 1980 mpaka mwaka 1990, chama cha maendeleo kinachoitwa BRAC kilituma walimu nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Bangladesh. Walifika katika nyumba zipatazo milioni 12. Waliwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru. Mshahara wa mwalimu ulitegemea mama anakumbuka nini. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu analipwa zaidi. Akisahau, mwalimu anapata kidogo. Wengi wa akina mama hao hawakujua kusoma. Lakini walijifunza.

Basi nasi tujifunze. Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti, inayopatikana zahanati na dukani. Wengi wetu tunaiita ORS. Soma maelezo yaliyo juu ya pakiti, na uichanganye katika kiasi cha maji kilichoandikwa hapo. Kama huna pakiti, fanya hivi:

Osha mikono kwa maji na sabuni.

Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa mbili za nusu lita ni sawa na lita moja.

Tia vijiko 6 vya chai vya sukari. Kila kijiko kiwe kimesawazishwa juu, kisiwe na kilima.

Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nacho kisawazishwe.

Koroga mpaka vyote viyeyuke. Onja. Maji yasiwe na chumvi kupita machozi. Kama yamezidi machozi, mwaga, uanze tena. Chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Maji haya yatumike siku hiyo hiyo. Yakifika kesho, yamwage, uchanganye mengine.

Kila mtoto anapoharisha, mpe maji haya. Aliye chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu kikombe. Aliyezidi miaka 2 apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena, polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula apewe chakula laini mara kwa mara. Usimfungishe kula.

Zahanati watampa pia vidonge vya madini ya zinki, kimoja kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Vimalize vyote, hata kama kuharisha kumekoma. Vinasaidia kufupisha ugonjwa, na kuzuia usirudi upesi.

Sasa mpaka. Usingoje nyumbani ukiona macho yameingia ndani, au utosi wa mtoto mchanga umebonyea, au analia bila machozi, au hakojoi, au amelegea, au anashindwa kunywa, au choo kina damu. Mpeleke zahanati mara moja. Na njiani endelea kumnywesha, maadamu anaweza kumeza.

Jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu husema kwamba mtoto anaharisha na kuwa na homa kwa sababu ameota "meno ya plastiki". Wanampeleka kwa mtu akayang'oe. Ndugu msomaji, meno hayo si ya plastiki. Ni meno ya kweli ya mtoto, ambayo bado ni machanga na yako chini ya ufizi. Kuyang'oa ni kumjeruhi mtoto mgonjwa. Anapoteza damu, na anaweza kupata vijidudu vya pepopunda. Na saa alizopoteza huko ndizo saa ambazo angekuwa anakunywa maji yenye sukari na chumvi.

MAFUA NA KIKOHOZI

Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaua. Mwili wenyewe unayashinda, mara nyingi kwa wiki moja au siku 10. Kikohozi kinaweza kubaki nyuma mpaka wiki ya tatu. Vidonge vya kuua bakteria havisaidii mafua. Ukivinunua, umetupa fedha yako. Tena unavizoesha vijidudu dawa, na siku utakapozihitaji kweli hazitafanya kazi.

Kazi yetu ni kuupunguzia mwili taabu. Mgonjwa apumzike. Anywe vitu vya moto kiasi, kama chai yenye tangawizi au maji ya ndimu.

Asali nayo inasaidia. Inalainisha koo, na inatuliza kikohozi cha usiku. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala kinatosha. Bibi alisema kweli. Lakini sikiliza sana hapa: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Ndani ya asali kunaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia. Vinatoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Mtoto wa umri huo dawa yake ni maziwa ya mama.

Na mafuta ya taa je? Hayatibu kikohozi. Yakinywewa, huteleza kwa urahisi yakaingia katika mapafu, na kuyachoma. Mtoto aliyekuwa na mafua tu anapata ugonjwa mkubwa wa mapafu. Mafuta ya taa ni ya taa.

Na kimeo? Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho, mkubwa kwa mdogo. Hakileti kikohozi. Kukikata kunaleta damu nyingi, na wembe mchafu unaleta pepopunda na vijidudu vingine. Wako watoto waliopona kikohozi baada ya kukatwa, lakini wangepona hata bila kukatwa, kwa sababu mafua huisha yenyewe.

Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka nako kuna hatari. Watoto wameunguzwa na maji hayo. Kama mtu mzima anapenda mvuke, awe mwangalifu. Mtoto asifukizwe.

Tusisahau moshi. Mama anayepikia kuni katika chumba kisicho na dirisha, na mtoto akiwa mgongoni, wote wawili wanavuta moshi kila siku. Kikohozi chao hakitaisha kwa asali. Toboa dirisha, pikia nje wakati wa kiangazi, au jenga jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Mpaka wa kikohozi ni huu. Mtazame mtoto kifua akiwa ametulia, halii. Hesabu anapumua mara ngapi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka chini ya mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, ni hatari. Wa mwaka mmoja mpaka miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, ni hatari. Mtoto ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi naye yuko katika hatari. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa nimonia. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akiwa na homa, akipumua haraka, au akikataa kunyonya, usihesabu siku. Mpeleke mara moja.

Na mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Matibabu ya kifua kikuu ni bure, na ugonjwa huo unapona kabisa mgonjwa akimaliza dawa zake.

KOO NA JINO

Koo likiuma, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu. Sukutua koo, kisha tema. Usimeze. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Mtoto mdogo asiyejua kusukutua asipewe.

Mpaka wake: mtoto wa shule mwenye koo linalouma sana pamoja na homa, na hana mafua wala kikohozi, aonwe na mganga. Ugonjwa fulani wa koo usipotibiwa unaweza baadaye kuharibu moyo.

Jino likiuma, maji hayo hayo ya chumvi yanasafisha kinywa. Na iko karafuu, ile inayolimwa Unguja na Pemba. Mafuta yaliyomo ndani ya karafuu yanatia ganzi. Hata waganga wa meno wametumia mafuta hayo kwa miaka mingi. Weka punje moja ya karafuu karibu na jino linalouma, uiume polepole.

Lakini fahamu hili. Karafuu inanyamazisha jino, haizibi tundu. Jino lililonyamaza si jino lililopona. Ni kama kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi bado yuko uani. Tumia karafuu upate usingizi, na asubuhi upange safari ya kwenda kwa mganga wa meno. Ukivimba shavu, au ukipata homa, au ukishindwa kufungua kinywa, usikawie.

KUFUNGA CHOO

Watu wengi wanaona haya kusema jambo hili. Basi tulisome tu.

Mtu anafunga choo kwa sababu kadhaa. Labda hanywi maji ya kutosha, hasa akiwa shambani juani tangu asubuhi. Labda anakula sembe nyeupe kila siku bila mboga. Labda anabana choo anaposikia haja, kwa sababu yuko safarini au choo ni kibaya.

Dawa yake iko shambani kwako. Kula ugali wa dona badala ya sembe. Dona lina pumba, na pumba ndiyo inayokifanya choo kuwa laini. Kula maharage, kunde, mchicha, matembele na majani ya maboga. Kula papai, embe na chungwa. Ukila chungwa, kula na nyama yake, usifyonze maji tu. Kunywa maji mara kwa mara kutwa nzima. Ukisikia haja, nenda. Usiiambie ingoje.

Usitumie maji ya sabuni wala dawa kali za miti kujipiga bomba. Zinaweza kuchubua utumbo. Na mtoto asifanyiwe hivyo kabisa.

Mpaka wake: nenda hospitali upesi kama tumbo limevimba na kuuma sana, unatapika, na hata upepo hautoki. Nenda pia kama choo kina damu, au kama unakonda bila sababu, au kama choo kilichokuwa cha kawaida kimebadilika kwa wiki nyingi.

MAUMIVU YA MGONGO

Msimu wa kulima ukifika, migongo inalia. Mara nyingi ni misuli iliyochoka au iliyojinyonga.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa alale kitandani mpaka apone. Siku hizi wataalamu wanasema sivyo. Ukilala siku nyingi, misuli inalegea, na mgongo unachelewa kupona. Punguza kazi nzito, lakini tembea. Fanya kazi ndogo ndogo. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa vizuri kinasaidia kikiwekwa mgongoni. Hakikisha hakiunguzi ngozi.

Tena jifunze kunyanyua mzigo. Usiiname kama kota ya mwavuli. Chuchumaa, ushike ndoo karibu na mwili, kisha uinuke kwa nguvu za miguu. Ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, ni nafuu kuliko ndoo moja kubwa upande mmoja. Jembe lenye mpini mrefu linaupunguzia mgongo kuinama. Na mizigo tugawane, akina baba. Mgongo wa mama si wa punda.

Mpaka wake: nenda hospitali kama miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu, kama unashindwa kuzuia mkojo au choo, kama una homa au unakonda, au kama maumivu yalianza baada ya kuanguka. Mama mjamzito ambaye mgongo unamuuma kwa vipindi, yaani unauma na kuacha, aende kituo cha afya. Huenda ni uchungu wa kuzaa umeanza.

KUUNGUA MOTO

Mtoto akiungua kwa uji au maji ya moto, kila mtu anakimbia na dawa yake. Mmoja analeta samli. Mwingine unga. Mwingine dawa ya meno, yai, majivu au mkojo. Vyote hivyo viacheni. Vinafungia joto ndani na kutia uchafu katika kidonda.

Dawa ya moto ni maji safi ya baridi. Mimina maji juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu. Kama huna saa, basi watu wawili wapokezane kumimina, wasichoke upesi. Vua nguo, shanga na bangili zilizo karibu. Nguo iliyogandamana na ngozi iache, usiivute. Sehemu nyingine za mwili zifunike, asishikwe na baridi. Baadaye funika kidonda kwa kitambaa safi. Usipasue malengelenge.

Mpaka wake: ukubwa wa kidonda ukizidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au kikiwa usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, mpeleke. Mtoto mdogo aliyeungua aonwe na mganga hata kama kidonda ni kidogo.

HOMA

Tumefika mwisho, na hapa lazima tuseme wazi. Katika nchi yenye malaria, hakuna dawa ya jikoni ya kutibu homa.

Unaweza kumsaidia mgonjwa asitaabike. Mpunguzie nguo. Mnyweshe maji. Mpe dawa ya kutuliza homa ya parasetamoli, kwa kiasi kilichoandikwa kwa umri wake. Mtoto asipewe aspirini. Lakini haya yote ni ya kumtuliza njiani. Safari ni ya zahanati, akapimwe damu siku hiyo hiyo, isipite siku moja. Kipimo cha haraka kinatoa jibu baada ya dakika chache. Akionekana ana malaria, atapewa dawa ya mseto. Akionekana hana, mganga atatafuta ugonjwa mwingine.

Wengi watauliza, "Je, mwarobaini? Wazee walikunywa." Jibu ni hili. Miti inaweza kutoa dawa ya kweli. Dawa ya mseto yenyewe asili yake ni mmea. Huko China watu walitumia mmea mmoja kwa homa kwa zaidi ya miaka 1000. Mwaka 1972 mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alifaulu yeye na wenzake kutoa ndani ya mmea huo kile kinachoua malaria. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini tazama kazi waliyoifanya. Waliitoa dawa, wakaipima, wakajua kiasi chake. Majani uliyochemsha wewe hayajapimwa. Leo ni makali, kesho ni mepesi. Uchungu wa dawa si kipimo cha nguvu yake. Na mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliyonyweshwa.

Na degedege? Mtoto mwenye homa akikakamaa na kutetemeka, wengine husema ameingiliwa na shetani au ndege. Wanamfukiza, wanamkojolea, wanampeleka kwa mganga wa kienyeji, na wanakataza asichomwe sindano. Ndugu msomaji, degedege ni alama kwamba ugonjwa umefika pabaya. Huenda malaria imeingia kichwani. Mlaze mtoto ubavu. Usimtie kitu chochote kinywani. Mkimbize zahanati au hospitali. Dawa atakayopewa huko, hata ikiwa sindano, haimuui. Kinachomuua ni kuchelewa.

TUKUMBUKE

Mwaka 1973 hapa Tanzania kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Hawakusoma ili wafaulu mtihani. Walisoma ili watoto wao waishi.

Sisi nasi tusome hivyo. Rudi sasa katika usiku ule wa mvua. Mtoto anakohoa. Wewe unayajua maswali matatu. Kama amezidi mwaka mmoja, unampa asali ya bibi. Unamshukuru jirani, lakini mafuta ya taa unayaacha katika taa. Unamwambia shangazi kwa heshima, "Kimeo hatukati." Kisha unakaa kitandani, unamfunua mtoto kifua, unahesabu pumzi zake dakika nzima. Kama ziko sawa, mnalala. Kama ni za haraka, kukikucha tu mko njiani. Na kama kifua kinabonyea, au hawezi kunywa, hamngoji hata jogoo. Mnawaamsha majirani, mnatafuta pikipiki au baiskeli, mnakwenda usiku huo huo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja dawa tatu za nyumbani zinazotumiwa kijijini kwenu. Kwa kila moja, jibuni yale maswali matatu.

2. Kwa nini mtoto anayeharisha apewe maji yenye sukari na chumvi, wala si maji matupu?

3. Asali inafaa kwa kikohozi. Ni nani asiyepaswa kupewa, na kwa nini?

4. Mgonjwa akizidiwa usiku kijijini kwenu, nani ana chombo cha kumpeleka hospitali? Fedha zitatoka wapi? Pangeni sasa, kabla siku hiyo haijafika.

Kazi ya wiki hii: Njooni darasani na kijiko cha chai, sukari, chumvi na maji safi ya lita moja. Kila mmoja apime mwenyewe na kuonja. Kisha kila mmoja amfundishe mtu mmoja nyumbani. Mkikutana tena, mwulizeni mtu huyo anakumbuka nini. Akikumbuka yeye, mmefaulu ninyi.